Baridi Ilisingiziwa: Kisa cha Tangi la Samaki Mtaa wa Forest, Mbeya

Mwishoni mwa mwezi Mei, mzee mmoja mstaafu anayeishi Forest hapa Mbeya alinipigia simu alfajiri. Nilipomaliza kumwamkia alinijibu kwa haraka, "Marahaba, mwalimu. Njoo uone mwenyewe, baridi imetumalizia samaki." Kati ya samaki 30 wa mapambo alioletewa kutoka Dar es Salaam walikuwa wamebaki 11, na hao 11 walikuwa wakihema juujuu ya maji huku midomo ikigusa hewa. Nimefuga samaki wa aina hii kwa miaka mingi na nimepoteza wengi kwa makosa yangu mwenyewe, kwa hiyo nilikwenda nikiwa na vipimo vya maji vya matone, kipimajoto, na shaka ndogo kuhusu maelezo ya baridi. Kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa ukamilifu kwa sababu kila hatua iliyochukuliwa katika nyumba ile ilikuwa na mantiki yake, na bado hatua hizo zilipokutana zikaua.

Nianze na tangi lenyewe. Lilikuwa la kioo cha milimita 8, lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na kimo cha 45, lililogundishwa kwa silikoni na fundi alumini. Fundi alifanya kazi safi: aliacha silikoni ikauke kwa siku kadhaa, akalijaza tangi maji nje ya nyumba usiku kucha kuona kama linavuja, na akashauri lisiwekwe juu ya kabati la vyombo bali juu ya stendi ya chuma, kwa kuwa maji, udongo, mawe na kioo kwa pamoja vinazidi kilo 200. Ukitoa nafasi iliyochukuliwa na udongo na mawe, pamoja na ile iliyoachwa juu, maji halisi yalikuwa takribani lita 140. Upande huu hapakuwa na kosa lolote.

Ndani ya tangi, chini kabisa, mzee alitandaza udongo wa unene wa sentimita 5 alioutoa kwenye tuta la mboga nyuma ya nyumba, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba mimea ya majini hustawi kwenye udongo wenye rutuba. Juu yake aliweka changarawe ya mtoni, na juu ya changarawe akapanga mawe makubwa mazuri, meupe na mengine ya rangi ya asali, aliyoyapata upande wa Songwe. Mimea ilikuwa ya aina mbili tu: majani marefu kama utepe, yaani valisneria, na lile gugu laini lisilo na mizizi ambalo wataalamu huliita Ceratophyllum demersum. Kulikuwa na kichujio cha umeme kipya kabisa, taa ya ledi, na hapakuwa na hita. Maji yalitoka bombani.

Mfuatano wa siku ndio unaobeba hoja yote. Tangi lilijazwa siku ya kwanza. Siku ya 4 samaki walifika kwa basi: gapi 20, na samaki wekundu 10 wa ile jamii ambayo dume lake lina mkia uliochongoka kama upanga. Walikula vizuri, wajukuu wakawalisha mara tatu kwa siku. Siku ya 7 asubuhi wawili walikutwa wamekufa, na kwa kuwa usiku ule ulikuwa wa baridi kali na maji yalikuwa nyuzi 18 za Selsiasi, nyumba nzima ilikubaliana kwamba baridi ndiyo iliyowaua. Siku ya 8 mzee alinunua hita ya wati 200 na kuiweka kwenye nyuzi 28, akiwaza kwamba samaki wa nchi za joto wapewe joto la kutosha. Kati ya siku ya 9 na ya 11 walikufa wengine 17. Mimi niliitwa siku ya 12.

Jambo la kwanza lililonitia shaka ni saa za vifo. Samaki anayeuawa na baridi huzubaa kwanza, huacha kula, hulala chini ya tangi, na mara nyingi hutokwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi kabla ya kufa. Tena hufa alfajiri, wakati maji yamefikia ubaridi wake wa mwisho. Hapa mama mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyekuwa akishinda karibu na tangi, alinieleza kwamba kati ya wale 17, wengi walikufa mchana, baada ya hita kuwekwa, na kwamba kabla ya kufa walikuwa wakizungukazunguka juu ya maji kwa haraka kama wanaotafuta mlango wa kutokea. Nilipomtazama mmoja aliyekufa muda mfupi kabla, matamvua yake yalikuwa yamevimba na kuiva wekundu uliokolea. Vidoa vyeupe havikuwepo kwa samaki hata mmoja. Ikiwa baridi ndiye mhalifu, ilikuwaje vifo viongezeke mara tu baada ya baridi kuondolewa?

Nilipima maji. Joto lilikuwa nyuzi 28, pH, yaani kipimo cha uasidi na ubesi wa maji, ilikuwa 8.2, amonia yote kwa pamoja ilikuwa miligramu 4 kwa lita, na nitraiti ilikuwa sifuri. Vipimo hivi vinne, vikisomwa pamoja, vinaeleza karibu kila kitu, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitraiti, na kundi jingine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo na ambayo mimea huila. Bakteria hao hawaji na kichujio kutoka dukani; huota polepole juu ya sponji, mawe na changarawe, na kwa joto la nyuzi 25 hadi 27 huchukua kama wiki nne hadi sita kutosha. Kwenye maji ya nyuzi 17 au 18, ambayo ndiyo joto la kawaida la sebule nyingi za Mbeya kuanzia Mei hadi Agosti, huenda kwa mwendo wa kinyonga. Nitraiti kuwa sifuri huku amonia ikiwa 4 maana yake ni kwamba bakteria hawa walikuwa bado hawajaanza kazi kabisa. Hapo ndipo baridi inapoingia katika kisa hiki: haikuwagusa samaki, bali iliwachelewesha wale ambao wangewaokoa.

Hata hivyo amonia peke yake si hadithi kamili, kwa sababu ndani ya maji huishi kwa sura mbili. Sura moja ina chaji na haiwadhuru samaki sana; nyingine ni amonia huru, ambayo hupenya matamvua na kuyaunguza. Uwiano wa sura hizo hutegemea pH na joto. Kwenye pH 7.0 na nyuzi 18, amonia huru ni kama asilimia 0.3 tu ya jumla. Ukibakiza joto lile lile na kupandisha pH hadi 8.2, inafika kama asilimia 5. Ukiongeza joto hadi nyuzi 28, inakaribia asilimia 10. Tuweke hesabu hiyo kwenye miligramu 4 za tangi la mzee: kwa maji ya baridi ya pH 7.0, amonia huru ingekuwa kama miligramu 0.014 kwa lita, kiasi ambacho samaki wangekivumilia; kwa pH 8.2 ingekuwa 0.2; na baada ya hita kuwekwa ilikuwa 0.4. Matamvua huanza kuumia kiasi kinapozidi miligramu 0.02 hadi 0.05. Kwa maneno mengine, hita iliyonunuliwa kuwaokoa samaki ilizidisha sumu mara mbili ndani ya usiku mmoja.

Hita hiyo hiyo ilipunguza na pumzi. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na sisi wa Mbeya tuna hasara nyingine inayotokana na mwinuko. Kwenye takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo kiasi kwamba maji ya nyuzi 28 hushika kama miligramu 6.3 tu za oksijeni kwa lita, wakati pwani yangeshika 7.8. Samaki mwenye matamvua mazima haoni tofauti hiyo; mwenye matamvua yaliyoungua huiona vizuri sana. Hii ndiyo maana ya kuhema juujuu.

Swali lililobaki ni amonia nyingi namna ile ilitoka wapi ndani ya siku nane tu, na ni nini kilichopandisha pH wakati maji ya bomba ya nyumba ile, nilipoyapima, yalikuwa 7.0. Mzee alikuwa na hakika kwamba bomba ndilo lenye tatizo. Badala ya kubishana naye nilimwomba ndoo tatu za lita 10. Zote tulizijaza maji ya simtanki yake, ambayo yalitoka bomba lile lile. Ya kwanza tuliiacha hivyo hivyo, ya pili tukaweka mawe mawili ya Songwe, ya tatu tukaweka vikombe viwili vya ule udongo wa tuta. Tukazifunika na kuziacha jikoni kwa siku tatu. Ndoo ya maji matupu ilibaki kwenye pH 7.0 bila amonia. Ndoo ya mawe ilifika pH 8.1, nayo haikuwa na amonia. Ndoo ya udongo ilikuwa na pH 6.8 na amonia ya takribani miligramu 6 kwa lita, bila samaki hata mmoja ndani yake.

Nilimuuliza mama tuta lile lilipandwa nini mara ya mwisho. "Chainizi," alijibu, "na kabla ya hapo tuliweka samadi ya kuku." Kwa bustani, samadi ya kuku ni baraka, chini ya maji yaliyosimama ni kiwanda cha amonia kisichofungwa usiku. Ushauri wa kutumia udongo si wa uongo, lakini unahusu udongo mkavu usiowekwa samadi wala mbolea ya dukani, uliolowekwa na kumwagwa maji mara nyingi kwa wiki kadhaa kabla haujaingia kwenye kioo.

Kuhusu mawe, mzee alishangaa zaidi. "Lakini jiwe si jiwe tu, mwalimu?" Nilichukua limau jikoni, nikakamulia jiwe moja, na povu dogo likaanza kuchemka juu yake. Mawe haya yalijengwa na chemchemi za maji moto za Songwe, ambazo kwa muda mrefu zimekuwa zikiacha tabaka za kalsiamu kabonati, malighafi ile ile iliyofanya kiwanda cha saruji kijengwe eneo hilo. Kwenye maji laini, yaani yenye madini machache, huyeyuka kidogo kidogo, yakapandisha ugumu, yaani wingi wa madini hayo, na pH hadi zinapotulia juu kidogo ya 8. Uyeyukaji huo huchukua siku, na ndiyo sababu samaki walionekana wazima mwanzoni: amonia na pH vilikuwa vikipanda pamoja ngazi kwa ngazi. Mtu yeyote anayeokota mawe kwa ajili ya tangi anaweza kufanya jaribio hilo la limau au siki kali kwa dakika moja. Likichemka, ni la chokaa.

Kuna jambo moja dogo ambalo sina uthibitisho nalo kamili lakini naliona lilichangia vifo vya wale wawili wa kwanza. Samaki walisafiri usiku mzima kutoka Dar es Salaam wakiwa kwenye mifuko iliyofungwa. Ndani ya mfuko, amonia hujikusanya, lakini hewa ya ukaa wanayoitoa samaki hushusha pH na hivyo kuifanya amonia hiyo isiwe kali. Mfuko ukifunguliwa, hewa ya ukaa hutoroka, pH hupanda, na amonia iliyolala huamka. Mzee aliifungua mifuko kisha akatumia zaidi ya saa moja kuongeza maji ya tangi kidogo kidogo, akiwa na nia njema. Kwa samaki wa safari ndefu ni bora kuuelea mfuko ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, kisha kuufungua, kumwaga maji ya safari kwenye ndoo, na kuwahamisha samaki kwa wavu mdogo papo hapo. Na kwa kuwa basi hupanda kutoka usawa wa bahari, likapita mlima wa Kitonga hadi huku kwetu, hewa ndani ya mfuko hutanuka njiani. Muuzaji anapaswa kuambiwa asiujaze hadi ukaze, vinginevyo utafika umevimba kama puto au hautafika kabisa.

Uokoaji wenyewe, uliofanyika siku ile ile ya 12 kabla ndoo hazijatoa jibu, ulikuwa na uamuzi mmoja mgumu. Kuwatoa samaki ghafla kwenye maji magumu ya pH 8.2 na kuwatia kwenye maji laini ya 7.0 ni mshtuko. Kuwaacha humo ni kifo. Nilichagua njia ya kati, nikabadilisha robo tatu ya maji palepale. Tulitumia maji ya simtanki, ambayo yalikuwa yamekaa zaidi ya wiki na klorini yake ilikuwa imekwisha kuruka, na kwa kuwa yalikuwa nyuzi 15 mama alichemsha sufuria kubwa mbili tukachanganya hadi joto likalingana. Hita tuliishusha hadi nyuzi 25. Baada ya saa moja amonia ilikuwa 1 na pH 7.6, maana yake amonia huru ilikuwa imeshuka kutoka 0.4 hadi kama 0.02. Samaki walishuka kutoka juu ya maji kabla ya adhuhuri. Chakula kilisimamishwa kwa siku tatu, jambo lililowaudhi wajukuu kuliko kifo chenyewe. Jioni ile ile tuliwahamishia wote 11 kwenye pipa la lita 60 pamoja na hita na sponji kuukuu niliyoitoa kwenye kichujio cha tangi langu, chafu na imejaa bakteria, kwa sababu nilishuku kwamba udongo ule ungeendelea kutoa sumu hata tungebadilisha maji kila siku. Ndani ya pipa tulibadilisha theluthi moja ya maji kila jioni.

Tangi lilibomolewa ndani lote. Badala ya udongo tulitumia kitu ambacho nyanda zetu zimejaliwa kwa wingi, lile jiwe jepesi lenye vitundu la volkeno za Rungwe, ambalo wengi hulijua kwa kusugulia miguu. Halichemki kwa limau, halibadilishi pH, na vitundu vyake vinawapa bakteria na mizizi mahali pa kushika. Usumbufu wake ni kwamba huelea: tulilipondaponda hadi ukubwa wa punje za mahindi, tukaliosha hadi maji yakawa safi, tukalichemsha na kuliloweka siku tano, na punje zilizokataa kuzama tukazitupa. Juu yake ikarudishwa changarawe ya mtoni iliyooshwa vizuri, nayo baada ya kupimwa kwa limau.

Mimea tuliiongeza mno, kwa makusudi, hasa ile Ceratophyllum, kwa kuwa hunyonya amonia moja kwa moja kutoka kwenye maji na hukua haraka. Iliyotoka kwenye mabwawa ya watu tuliisuuza na kuiweka kwenye beseni peke yake kwa wiki mbili, tukiokota konokono kila siku, maana baadhi ya konokono wa maji yasiyo ya chumvi ndio wanaobeba kichocho na sioni sababu ya kuwaleta sebuleni. Taa iliwekwa iwake kwa muda wa saa 8 kila siku, si zaidi; mzee alikuwa akiiwasha tangu asubuhi hadi taarifa ya habari ya usiku, na mwani wa kijani ulikuwa tayari umeanza kushika vioo.

Kwa ajili ya baridi, hita ilibaki kwenye nyuzi 24, nyuma na chini ya tangi tukaweka vipande vya ubao mweupe wa povu unaokuja na friji na televisheni, na juu tukafunika kioo chenye upenyo mdogo. Vipande hivyo vya bure vilipunguza sana muda ambao hita huwaka usiku. Umeme ukikatika, blanketi juu ya tangi huhifadhi joto kwa saa nyingi. Kinachokosekana haraka zaidi ni hewa, kwa hiyo mzee alinunua pampu ndogo ya hewa inayotumia betri.

Sponji yangu kuukuu ilihamia kwenye kichujio, samaki watano wakarudishwa kwanza. Wiki ya tatu nitraiti ilipanda hadi miligramu 1, kama ilivyotarajiwa, na kwa kuwa nitraiti huizuia damu kubeba oksijeni tuliyeyusha vijiko viwili vikubwa vya chumvi ndani ya tangi zima. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huizuia nitraiti isiingie kupitia matamvua, na kiasi hicho ni kidogo mno kuidhuru mimea. Wiki ya sita amonia na nitraiti zote zilisoma sifuri kwa siku nne mfululizo, nao sita waliobaki wakatoka kwenye pipa. Hakuna aliyekufa tangu siku ile ya 12, na gapi, kama ilivyo kawaida yao, wamekwisha kuzaa bila kuombwa. Maji yanabadilishwa robo kila Jumamosi, na kulisha ni mara moja kwa siku, kazi iliyogawanywa kwa zamu ili kumaliza ugomvi wa wajukuu.

Mawe ya Songwe yako nje, yamepangwa kando ya ukuta. Mzee alitaka kuyatupa, nikamzuia, kwa sababu ameanza kuzungumzia mbuna, wale samaki wa rangi kali wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa ambao aliwaona Matema. Mbuna wamezoea maji yenye pH inayokaribia 8 au kuizidi, hujificha kwenye mapango ya mawe, na hukwangua mwani juu yake. Mimea laini wangeimaliza kwa siku chache, kwa hiyo hawawezi kuingia kwenye tangi hili. Wanahitaji tangi lao, na mawe yale yanafaa humo. Nimemwambia asubiri hadi Septemba, baridi ipungue, na kwamba safari hii tangi litakaa wiki sita bila samaki. Amekubali wiki nne.